Coco Beach: tazama mwezi wa angani kabla ya mwezi wa kalenda

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Singida, nimehamia Dar es Salaam mwaka juzi, naishi Kinondoni. Kijana wangu ana miaka 14, na mjomba wake amemletea ubao mfupi, ule wa kulalia kifudifudi na kuteleza na wimbi. Agosti iliyopita tulikwenda Coco Jumamosi nne mfululizo. Ya kwanza, saa kumi jioni, bahari ilikuwa imelala kama maji ya beseni. Ya pili, saa ileile, ilikuwa inanguruma na mama yake akakataa asiingie. Ya tatu aliingia, lakini alisogezwa kando hatua kama hamsini kuelekea Masaki bila mwenyewe kujua. Ya nne tukawahi asubuhi saa nne kukwepa jua, tukakuta mawe matupu, maji yako mbali. Naomba unieleze ni miezi gani Coco ni tulivu na miezi gani ina mawimbi, na nitajuaje kabla sijatoka nyumbani? Mimi mwenyewe sijui kuogelea."

Marahaba, ndugu yangu, na karibu pwani. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe. Jumamosi nne, mwezi mmoja wa Agosti, bahari nne tofauti. Kama mwezi wa kalenda ndio ungekuwa unaamua, zote nne zingefanana. Miezi nitakupa, usiwe na shaka. Lakini huko Msasani nilikokulia hakuna mzee aliyeuliza "leo tarehe ngapi?" kabla ya kushuka pwani. Aliuliza "leo mwezi ngapi?", yaani tangu uandame una siku ngapi. Tuanzie hapo.

Bahari ya Coco inaendeshwa na vitu viwili. Upepo wa majira ndio unaotengeneza mawimbi huko nje. Kupwa na kujaa ndiko kunakoamua kama mawimbi hayo yatamfikia kijana wako au yatafia njiani. Watu wengi wa mjini wanajua kidogo habari ya upepo, ya maji hawaijui kabisa, na ndiyo inayowaponza.

Ufukwe wa Coco umeelekea mashariki, uso kwa uso na Bahari ya Hindi. Mbele yake hakuna kisiwa cha kuukinga. Kinachoukinga ni mwamba wenyewe, ile sakafu ya mawe ya matumbawe uliyoikuta Jumamosi ya nne, inayotoka karibu na mchanga hadi kwenye ukingo ambapo kina kinashuka. Sasa shika kanuni moja ya wimbi: huvunjika linapofika penye kina cha kama mara moja na theluthi ya urefu wake. Wimbi la mita 1 huanguka penye maji ya mita 1.3 hivi. La mita 2 huanguka penye mita 2.6. Kwa hiyo kama juu ya mwamba pana maji ya nusu mita tu, wimbi linalozidi sentimita 40 halipiti. Linavunjika kule nje, unaona mstari mweupe na unasikia mvumo, lakini mchangani yanafika maji yanayotambaa. Maji yakijaa hadi mita 3 juu ya mwamba uleule, wimbi la mita 2 linapita juu yake zima zima na kuja kuangukia miguuni pa watoto.

Rudi sasa kwenye Jumamosi zako. Hukuniambia tarehe, lakini zinajieleza. Ya kwanza yalikuwa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, na saa kumi jioni yalikuwa yamepwa. Hayakushuka sana, ila yalishuka kiasi cha mwamba kuyavunja mawimbi huko nje. Ya pili ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kupita kawaida, na saa kumi ndiyo saa ya maji kujaa kabisa, kwa hiyo mwamba ulizama na mawimbi yote ya Agosti yakawafikia. Ya tatu maji mafu tena. Ya nne bamvua tena, lakini safari hii mmekwenda saa nne asubuhi, ambayo siku za bamvua ndiyo saa ya maji kupwa hadi mwisho.

Nimejuaje saa? Kwa sababu hapa Dar es Salaam, kama ilivyo Unguja, saa za bamvua karibu hazibadiliki mwaka mzima. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili zinazofuata, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya juma moja zinakuwa zimegeuka kabisa: mwezi ukiwa nusu, maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi, na hayo ndiyo maji mafu. Siku za bamvua tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu ni kama mita 1. Ukitoka nje usiku kutupa taka na ukainua macho, umeshajua nusu ya hali ya kesho.

Na kuna jambo ambalo nimelisema kwa miaka mingi na nitaendelea kulisema. Idi el-Fitri huangukia siku ya kwanza ya Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwezi wa angani ukiwa ndio kwanza umeandama. Maana yake sikukuu hiyo, mwaka hadi mwaka, iwe Machi au iwe Agosti, ni siku ya bamvua. Familia zinamaliza kula mchana, zinavaa, zinafika Coco saa tisa au saa kumi, zinakuta bahari imejaa hadi juu, inapendeza, watoto wanaruka ndani. Maji yanafika mwisho wa kujaa kama saa kumi na nusu, kisha yanaanza kutoka. Hayatoki kwa mwendo mmoja. Wanamaji hugawa kimo cha maji mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hutoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 3 na ushei, saa ya kwanza maji hushuka sentimita 25 hivi, hakuna anayeona. Saa ya tatu hushuka karibu sentimita 80. Piga hesabu kutoka saa kumi na nusu: saa ya tatu inaanza saa kumi na mbili na nusu, jua linapozama, mama anaita watoto watoke na watoto wanajibu "bado kidogo". Hiyo "bado kidogo" ndiyo inayoniogopesha kuliko mawimbi ya Julai. Idi kubwa ni kinyume chake. Huangukia siku ya kumi ya Mfunguo tatu, mwezi wa hija, karibu na maji mafu, na maji huwa yanakwenda taratibu. Pasaka nayo ni Jumapili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo inaweza kuwa bamvua au maji mafu, ila inakuja Machi au Aprili, karibu na wakati usiku na mchana vinapolingana, na bamvua za kipindi hicho, pamoja na zile za Septemba, ndizo kubwa kupita zote za mwaka.

Tuje kwenye majira.

Kusi ndiyo yenye mawimbi. Hujipanga kuanzia Aprili, hukaza Juni, Julai na Agosti, na hulegea Septemba. Inavuma kutoka kusini-mashariki, na Dar iko wazi upande huo, kati ya Mafia na Unguja. Mawimbi yake mengi ni ya upepo wa karibu, mafupi, yanayofuatana upesi, sekunde sita au saba kati ya moja na jingine, hayakupi nafasi ya kuvuta pumzi. Chini yake hupita mawimbi marefu yaliyosafiri kutoka kusini ya mbali, lakini Madagaska inayakinga kwa sehemu kubwa, ndiyo maana Dar haijawahi kuwa Durban. Vijana wanaotazama video za mawimbi ya huko wakadhani Agosti ya Coco itawapa kitu kama kile wanajisumbua. Watapata maji yaliyochafuka, yenye nguvu na yasiyo na mpangilio. Kusi ni upepo wa kuheshimiwa hata na vyombo vikubwa: MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 18, 2012, ikitoka hapa kwenda Unguja, katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Miezi hiyo pia ufukwe hujaa nyasi za bahari zilizong'olewa, na maji hupoa hadi nyuzi 25 au 26. Kwa mtu mzima si baridi, ila mtoto mwembamba akikaa saa nzima anaanza kutetemeka, na anayetetemeka anachoka kabla hajajua kuwa amechoka.

Kusi ina saa yake nzuri, hata hivyo. Alfajiri hadi kama saa tatu, upepo wa nchi kavu, ule tunaouita umande, huvuma kuelekea baharini na kuyalaza mawimbi madogo madogo. Nchi ikishapata joto, kusi inarudi na nguvu zake, na mchana huongezewa na upepo wa bahari. Kwa hiyo bahari ya saa moja asubuhi na ya saa tisa alasiri ni bahari mbili, siku moja, mwezi mmoja. Mtu akikuambia "Julai haiingiliki", muulize saa ngapi.

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Inatoka upande wa Unguja, na kisiwa hicho, ambacho mji wake uko kama kilomita 70 kutoka hapa, hukata sehemu ya maji ambayo upepo ungeyasukuma hadi kwetu. Mawimbi yapo, ila ni madogo zaidi na yanakuja kwa mafungu: matatu au manne yenye nguvu, halafu kimya cha kutosha mtu kujipanga. Joto la maji hupanda, na kufikia Machi huwa nyuzi 29 au 30. Kwa anayejifunza ubao, Januari na Februari asubuhi ni wakati mzuri sana.

Ila ukiniuliza mimi, mwezi ninaoupenda ni Novemba, pamoja na nusu ya pili ya Oktoba. Wanamaji wanakiita kipindi hiki tanga mbili, kwa sababu pepo zinabadilishana na chombo kinaweza kwenda huku au kule. Kusi imekufa, kaskazi haijaja, unavuma matlai mwepesi kutoka mashariki au hakuna upepo kabisa. Bahari inakuwa nyororo kama mafuta, na wimbi linaloingia linaonekana tangu mbali, moja moja, limejichora. Mtoto anaweza kuliona, kulisubiri, kugeuka na kulipanda. Hapo ndipo anapojifunza, maana kwenye maji ya fujo hajifunzi kitu zaidi ya kupigana.

Kipindi nitakachokukataza kabisa ni siku za mvua kubwa za masika, Machi hadi Mei, na sababu yangu ya kwanza ni uchafu. Mto Msimbazi unamwaga maji yake baharini pale kwenye daraja la Selander, na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 linapita mbele ya mdomo wake. Kutoka hapo hadi Coco si mbali, na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Mvua ikinyesha sana, maji ya rangi ya chai ya maziwa yenye kila kitu kilichosombwa kutoka mitaroni na vyooni bondeni hupelekwa moja kwa moja ufukweni kwenu. Mtoto anayelala kwenye ubao mdomo wake uko sentimita chache juu ya maji. Baada ya mvua kubwa subirini siku tatu, na rangi ya maji ikiwa haijarudi, ongezeni. Sababu ya pili ni vimbunga. Si vya kila mwaka, lakini Jobo ilitukaribia Aprili 2021 na Hidaya ikafika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, na bahari huchafuka siku kadhaa kabla na baada ya kimbunga chenyewe, hata kikiwa mbali.

Kijana wako alisogezwa kuelekea Masaki, yaani kaskazini, na hilo halikunishangaza. Mkondo mkubwa wa pwani unakwenda huko, na kusi inasukuma mawimbi yaje kwa mshazari, nayo yanasukuma maji ya ufukweni upande uleule. Mtu akiwa ndani, macho yake kwenye wimbi, hahisi. Dawa yake ni rahisi: chagueni alama nchi kavu, mnazi au mwavuli wa muuza mihogo, na kila baada ya mawimbi matano atazame kama bado yuko mbele yake. Akiona amepita, anatoka, anarudi kwa miguu mchangani, anaingia tena. Asijaribu kurudi kwa kuogelea.

Mkondo wa hatari ni mwingine, ule unaotoka nje. Nitakueleza nilivyouona mara moja kwa utulivu. Ilikuwa Julai, bamvua, saa kumi na mbili kasoro, nimekaa juu ya jiwe. Mtu alikuwa ametupa dafu tupu ndani ya maji, nikaamua kulifuata kwa macho. Kwanza lilipigwa na povu likarudi mchangani mara mbili. Kisha likaanza kwenda kaskazini sambamba na ufukwe, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Lilipofika mahali ambapo mawimbi hayakuwa yakivunjika, pakiwa na utepe wa maji meusi meusi, laini, wenye upana wa kama barabara ya magari mawili, likageuka. Halikurudi tena. Lilikwenda nje likipita katikati ya mawimbi yaliyokuwa yakivunjika kulia na kushoto kwake, na nilipohesabu dakika tatu sikuliona. Kulikuwa na kina mama wawili wamesimama na watoto wao palepale kwenye ule utepe, maji kiunoni. Nilipowafuata na kuwaomba wasogee, mmoja akaniambia, kwa heshima kabisa, "Baba, tumechagua hapa kwa sababu pametulia."

Pametulia kwa sababu ni mlango. Maji yote ambayo mawimbi yameyarusha juu ya mwamba na kuyasukuma mchangani lazima yapate pa kutokea, na hutokea kwenye uwazi wenye kina kuliko pengine. Kwenye kina wimbi halivunjiki, kwa hiyo hapana povu, na jicho la mtu wa bara linasema hapa ni salama. Maji yanapokuwa yanapwa, mlango huo unabeba maji ya mawimbi pamoja na maji ya kupwa, na ndipo mwendo wake unapozidi nguvu za muogeleaji mzuri. Mfundishe kijana wako kuutambua akiwa nchi kavu: utepe mweusi kati ya weupe, povu au mchanga unaoonekana kwenda nje, uso wa maji unaotetemeka vidogo vidogo wakati kando yake mawimbi yanaanguka vizuri. Akijikuta ndani yake asiuache ubao kwa hali yoyote, maana huo ndio chombo chake. Aulalie, apunge mkono mmoja juu, na asipigane kurudi moja kwa moja. Mkondo huo unamtoa nje, haumzamishi. Kinachozamisha ni kuchoka. Apige miguu kwenda kando, sambamba na ufukwe, mpaka afike penye povu, na povu litamrudisha.

Kabla hujatoka nyumbani, basi. Usiku uliotangulia tazama mwezi, upate saa ya maji. Ukitaka uhakika, majedwali ya kupwa na kujaa ya bandari ya Dar es Salaam yanapatikana hata kwenye simu, ila soma kimo pamoja na saa. Kisha soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, maneno ambayo wavuvi wote wanayajua, ubao ubaki nyumbani hata kama dirishani jua linawaka na miti imetulia. Programu za simu za kutabiri mawimbi zina faida, lakini nyingi zinakupa wimbi la bahari kuu, haziujui mwamba wa Coco. Mkifika, kaeni dakika kumi kabla mtu yeyote hajavua shati. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, na anayetazama dakika mbili anaweza kuona kimya peke yake akadhani ndiyo hali ya siku.

Saa bora ya ubao kwa kijana wa miaka 14 ni maji yanapojaa, kuanzia saa ya tatu ya kujaa hadi yakikaribia mwisho, siku zisizo za bamvua kali. Mwamba umeshafunikwa, mawimbi yanafika yakiwa yamepunguzwa, na kila kitu kinachoelea kinasukumwa kuja nchi kavu. Maji yakianza tu kupwa, atoke. Avae viatu vya maji, maana matumbawe yanakata na kidonda chake hakiponi haraka. Kamba ya ubao ifungwe juu ya mkono, iwe nzima, uivute kwa nguvu kila safari kabla hajaingia. Na miezi mitatu ya kwanza msimpeleke Coco hata kidogo. Mpelekeni Mbezi au Kunduchi, ambako visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinapunguza ukali wa mawimbi, ajifunze kuelea, kuogelea mita 100 bila kusimama, na kukaa juu ya ubao akiwa ametulia. Kigamboni upande wa bahari kuu pawe pa mwisho, maana kusi inapiga huko bila kizuizi.

Umemalizia kwa kusema hujui kuogelea, kama vile ni jambo la pembeni. Kwangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Nimeona zaidi ya mara moja mtoto ametolewa salama na aliyemfuata ndiye aliyebaki. Mzazi akisikia jina lake linaitwa kutoka majini hafikirii, anaruka. Kwa hiyo amua leo, ukiwa nyumbani, kwamba hutapita magotini, lolote litokee, na mwambie kijana wako hivyo ili ajue. Badala yake beba dumu tupu la lita 10, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita 20, ncha nyingine uishike imara mkononi. Fanyeni mazoezi ya kulirusha mchangani mpaka uweze kumfikishia mtu aliye hatua kumi na tano. Kijana akipata tabu, rusha dumu, piga kelele, na tafuta mwenye ubao au boya. Mtu akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo. Mlazeni chali kwenye kitu kigumu, mpulizieni pumzi kwanza mara tano, kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30 na pumzi mbili, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Na hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe siku ileile, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia baadaye usiku.

Wewe nawe anza kujifunza. Kuna wazee wa miaka 60 niliowafundisha Kunduchi kwenye maji ya kifuani, na baada ya majuma sita walikuwa wanaelea. Mkienda Novemba, mwende wote wawili.